Visasili vya Ugiriki au vya Skandinavia: uanzie wapi?

Kwa wingi wa maandishi, Ugiriki inashinda bila ubishi. Washairi Homer na Hesiod walitunga karne kadhaa kabla ya Kristo, miungu ya Kigiriki ikiwa bado inaabudiwa, ilhali sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Odin, Thor na miungu wengine wa Skandinavia iliandikwa Iceland katika karne ya 13, takriban miaka 200 baada ya kisiwa hicho kupokea Ukristo. Hata hivyo, uchache wa maandishi ya Skandinavia una faida yake, kwa kuwa Edda mbili, vitabu vikuu vya visasili hivyo, zinasomeka kwa muda mfupi, na masimulizi ya Kigiriki yana matoleo mengi yanayopingana.

Tofauti kubwa zaidi, na kwangu ndiyo yenye uzito, ni kifo. Zeus, mfalme wa miungu ya Kigiriki aliyempindua baba yake Cronus, hafi, na ndiyo maana ujasiri wa kweli huko umo kwa binadamu kama Achilles, anayechagua umri mfupi wenye sifa. Odin alitoa jicho lake katika kisima cha Mimir ili apate hekima, naye anajua kwamba siku ya Ragnarök, yaani mwisho wa ulimwengu, atamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Bado anakusanya mashujaa waliokufa vitani katika ukumbi wake, Valhalla, kwa ajili ya vita ambavyo hatasalimika. Hakuna mungu wa Olympus, mlima wa miungu ya Kigiriki, anayenigusa kiasi hicho.

Kwa mashujaa, Skandinavia ina Sigurd aliyemuua joka Fafnir, lakini Ugiriki ina Heracles, Perseus, Odysseus na wengine tele. Anayesoma tamthilia au falsafa ya Ulaya aanze na Ugiriki. Anayetafuta kisa kimoja kinachokwenda tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi kuangamia kwake, aanze na Skandinavia.