OpenRefine na madaftari ya babu: uzoefu wangu

Marehemu babu alikuwa akiuza boriti na vifaa vya majahazi hapa Lamu, akatuachia madaftari manne ya hati za Kiarabu. Kila baada ya alasiri shangazi alisoma barazani, mimi nikachapa: tarehe, jahazi, lilikotoka, mzigo, korja (mafungu ya ishirini), bei. Madaftari matatu yalitoa mistari 1,100. Nia yangu ilikuwa wanafunzi wangu wa historia wachambue takwimu za kwao.

Kusafisha jedwali hilo nimetumia OpenRefine, programu ya kurekebisha data iliyovurugika. Ni ya bure, na ijapokuwa hufungukia kwenye kivinjari, data yako haitoki kwenye kompyuta. Intaneti ikikatika, na kwetu hiyo si habari, wewe unaendelea.

Utamu wake ni kukusanya maneno yanayokaribiana. Siyu tulikuwa nayo kwa tahajia tatu, Shela mbili. Mwanzoni sikupata kitu. Kumbe njia niliyochagua hulinganisha tu maneno yenye herufi 6 mfululizo zinazofanana, na majina ya miji yetu ni mafupi. Nikashusha hadi 2, yakamiminika. Rasini na Faza nimeyaunganisha kwa mkono. Mashine itajuaje kuwa ni mji mmoja?

Hapo pupa ikaniponza. Nikachagua yote, nikabonyeza kuunganisha bila kusoma. Jioni shangazi akavaa miwani: "Mwanangu, mbona baba hakuuza hata pima moja ya kamba?" Kamba yote imegeuka pamba! "Haya, kafunge jahazi kwa pamba tuone." Alhamdulillahi kila hatua huhifadhiwa. Nikarudi nyuma, nikaanza tena.

Tarehe ndizo zilizonitoa jasho. Ni za Hijria, nami nilizigeuza kwa jedwali la pembeni. 1343, kwa mfano, huangukia 1924 na 1925. Usiikwepe kazi hiyo ya kugeuza. Nilipozipanga kwa miezi ya Hijria, boriti zilitawanyika mwaka mzima kana kwamba hakuna pepo za msimu, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11 na miezi yake huhama. Kwa Miladia, shehena zikarundikana Aprili na Mei. Sijamaliza kuchora grafu ubaoni, mtoto wa mvuvi akasema nyuma, "Mwalimu, hiyo si kusi inaanza? Majahazi yanarudi Arabuni."

Nyota 4. Maelezo niliyopata ni ya Kiingereza, na wanafunzi yaliwachelewesha. Daftari la nne bado. Shangazi anataka miwani mpya kwanza.