Kipima mvua cha plastiki kwa somo la tabianchi: kinafaa, ila jua litakiharibu

Kwa sekondari za Dodoma, kifaa hiki kinafundisha kuliko bango lolote. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 200 likipata milimita 20, ni lita 4,000 kabla ya upotevu. Takwimu hiyo hiyo mwanafunzi wa ufundi anaipimia tangi, wa kilimo anachagua mtama au mahindi, wa uhasibu anakokotoa bima ya mazao.

Kifungwe mbali na ukuta, angalau mara mbili ya kimo cha ukuta huo. Kisomwe saa 3 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji; yakicheleweshwa hukauka, kipimo kikapungua. Kasoro kubwa ni plastiki: jua huipasua na kufuta namba. Kinunuliwe Novemba, kabla ya mvua.