Daktari wa Shombo: uzoefu wangu wa kumtibia paka Lamu kwa pesa za mahamri

Shombo ni paka dume wa rangi ya mchanga, miguu mirefu kama paka wengi wa hapa Lamu. Tulimwokota chini ya meza za samaki, na jina likaja lenyewe kwa jinsi alivyokuwa akinuka. Ana miaka minne sasa. Mwaka jana nusura tumpoteze, na tangu apone watu wa mtaani wananiuliza nilimpata wapi daktari na nililipa nini. Nitaeleza yote pamoja na bei, kwa sababu bei ndiyo watu wanayoona haya kuiuliza, na wakishaona haya wanakaa na mnyama mgonjwa nyumbani mpaka anakufa.

Ilianza Jumanne alasiri. Nilikuwa nakanda unga wa mahamri ya alfajiri nikamwona Shombo anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachutama, anatoka. Haikupita muda anarudi tena. Mgongo umejikunja, mkia unatetemeka, hatoki kitu. Nikadhani ni choo kigumu. Nilipoutazama ule mchanga jioni ulikuwa mkavu wote, na mimi sikujua maana ya mchanga mkavu.

Kuna mtu hupita mitaani na mkoba wa dawa za mifugo. Wengi humwita daktari, nami nikamwita daktari. Alimtazama Shombo akiwa amesimama mlangoni, akajaza sindano, akamdunga pajani. Akasema ni minyoo na choo kimefunga, nimpe kijiko cha mafuta ya kula. Shilingi 800. Jina la dawa hakulitaja wala risiti hakuandika. Kwa hesabu yangu 800 ni asubuhi nzima ya mahamri, lakini nilitoa kwa moyo mmoja, nikidhani nimemtibia.

Usiku wa Jumatano alianza kutapika povu. Akajilaza sakafuni penye baridi, na nilipomgusa tumbo alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa paka kabla wala baada ya hapo.

Aliyemwokoa ni ami yangu. Ami ana punda wawili wa kubebea mchanga na matofali ya ujenzi. Punda wa Lamu wana bahati yao: hospitali ya Donkey Sanctuary iko hapa tangu 1987 na hutibu punda bure, kwa hiyo wenye punda wamezoea kuona tiba inavyokwenda. Nilipomwambia ami kwamba daktari ameshakuja na ameshapiga sindano, hakuuliza sindano gani. Aliuliza, "Alimshika tumbo?"

Nikasema hakumshika.

"Basi paka huyo hajaonekana na daktari, mwanangu. Mchukue sasa hivi." Akanipa namba ya daktari wa mifugo ambaye watu wa punda na ng'ombe wanamjua, na ambaye hutibu paka pia. Saa nne ya usiku akapokea simu. Swali lake la kwanza lilikuwa ni dume au jike. La pili, amekojoa mara ya mwisho lini. Nikaambiwa nisingoje asubuhi.

Tulimpeleka ndani ya kikapu cha ukili, kanga juu. Chumba cha daktari ni kidogo, meza moja ya bati, taa moja kali, friji moja. Alikitundika kikapu kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ile ambayo wavuvi hupimia samaki, kisha akamtoa Shombo na kukipima kikapu kitupu. Kilo 4.2. Akaandika. Akamfunua fizi akazibonyeza kidole, akamtia kipimajoto, halafu akaupitisha mkono chini ya tumbo polepole na kunyamaza. Akanishika mkono wangu akauweka pale pale. Nilihisi kitu kigumu, cha mviringo, kama limau kubwa.

"Hiki ni kibofu, mama. Kimejaa na njia imeziba."

Alinieleza huku akitayarisha vifaa vyake. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Ute na chenga ndogo kama mchanga zikijikusanya pale, hapiti kitu. Mkojo unarudi nyuma mpaka kwenye figo, sumu zinabaki damuni, potasiamu, aina ya chumvi iliyomo damuni, inapanda, na potasiamu ikipanda sana moyo unasimama. Paka wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mafuta ya kula hayakuwa na kazi yoyote pale. Mchanga mkavu ulikuwa umeniambia tangu Jumanne.

Kabla hajamgusa tena, alichukua karatasi akaandika mistari mitatu, akanipa nisome. Kumwona mgonjwa, 500. Dawa ya usingizi na kuzibua kwa mpira, 3,500. Maji ya mshipani na dawa za siku tatu, 2,400. Jumla 6,400. Chini yake akaandika: huenda akaziba tena, ikiwa hivyo tutazungumza kabla ya kuongeza gharama. Nilikuwa na 3,000. Akazipokea, akasema zilizobaki nitume kwa M-Pesa mara mbili ndani ya mwezi, akaweka tarehe. Hakunifanya nijione ombaomba. Mkojo ulipoanza kutoka kwenye ule mpira ulikuwa na rangi ya maji ya ukwaju, ukaingia bakulini tone tone, kisha kwa mkondo, na nikalia.

Shombo alilala kwa daktari usiku ule, kisha siku mbili nikawa nampeleka asubuhi na jioni. Akapona.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza, na nimewasindikiza majirani watatu kwa madaktari tofauti. Kitu cha kwanza nataka kujua kama mtu amesajiliwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na ipo bodi inayowasajili na kuwapa leseni ya kufanya kazi. Daktari aliyesomea chuo kikuu na msaidizi mwenye cheti au stashahada wote wana kazi zao halali, na msaidizi mzuri anaweza kukusaidia sana kwa chanjo na dawa za minyoo. Upasuaji ni wa daktari. Kumwuliza mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Wangu alinionyesha leseni iliyotundikwa ukutani kabla sijamaliza sentensi. Yule wa mkoba nilikuja kumwuliza baadaye, kwa heshima kabisa. Akaniambia yeye ana uzoefu.

Pili, namtazama mikono. Anayempima uzito, anayemshika tumbo, anayemfunua mdomo, huyo anatafuta ugonjwa. Uzito ndio unaoamua kiasi cha dawa, na paka ni mdogo, akizidishiwa kidogo tu anaumia.

Tatu ni friji. Chanjo zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na sote tunajua umeme wa hapa unavyokatika. Daktari wangu ana sanduku la barafu lenye kipimajoto ndani, na umeme ukipotea anahamisha chupa zake humo. Chanjo iliyopata joto inadungwa kama nyingine, unalipa kama nyingine, na haimkingi mnyama. Hapo pesa imekwenda na wewe hujui.

Sasa gharama. Wengi hudhani daktari wa bei nafuu ndiye anayetaja pesa kidogo mlangoni. Mimi nililipa 800 zilizopotea bure na siku nzima ya mateso ya Shombo. Wangu aliyenitoza 6,400 ndiye aliyeniokolea pesa baadaye, na ameniokolea kwa kusema. Aliniambia nimpe maji mengi: mabakuli mawili mahali tofauti, chakula chenye majimaji, supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu. Kitunguu kinaharibu damu ya paka, hilo sikulijua, na mchuzi wangu wote una kitunguu. Samaki mbichi mtupu kila siku pia hafai, maana baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Kwa hiyo nachemsha vichwa na mikia ninayopewa sokoni, nachanganya na ini kidogo au yai. Hainigharimu kitu cha kuhesabu.

Akaniambia pia kipi ninunue kwake na kipi nisinunue. Maji ya mshipani ya siku ya pili nilitumwa duka la dawa la kawaida kwa sababu ni yale yale na bei yake ni ndogo. Lakini alinionya kwa ukali juu ya parasetamoli. Jirani yangu mmoja alimpa paka wake nusu kidonge kwa homa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile. Fizi zikageuka rangi ya udongo, uso ukavimba, akafa siku ya pili. Mama yule alifanya kwa huruma, na hadi leo akilitaja machozi yanamtoka. Vilevile dawa za kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa mbwa: nyingi zina permethrini, dawa ya kuua wadudu ambayo kwa paka ni sumu. Usigawanye ya mbwa kwa kukadiria.

Shombo nilimhasi baadaye kwa 2,000. Daktari alinieleza wazi kwamba kuhasi si kinga ya mkojo kuziba, faida yake ni kupunguza kutangatanga na kupigana, na majipu ya kuumwa na paka wengine ndiyo yaliyokuwa yakinila pesa kila miezi miwili. Halua, jike letu, alifungwa kizazi kwa 3,000. Nilisita kwa ajili ya dini, nikamwuliza mwalimu wangu wa madrasa. Akaniambia nitazame maslahi ya mnyama na asiteswe. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na mimba yake ni kama miezi miwili. Vitoto vya kwanza vya Halua vilikuwa vitano, viwili ndivyo vilivyoishi. Sikutaka kuyaona tena.

Jambo lililotupunguzia gharama kuliko yote ni la chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu husema Lamu mbwa ni wachache, ya nini? Paka naye huupata na huuambukiza, watoto wetu wanalala nao, na ugonjwa huu dalili zikishatoka kwa binadamu ni kifo. Serikali ina mpango tangu 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na 28 Septemba ndiyo siku yake duniani, kwa hiyo ni vizuri kuuliza ofisi ya mifugo ya kaunti mapema kama kuna chanjo ya bure. Ikikosekana, fanyeni kama sisi. Daktari alinieleza kwamba chupa anayonunua ina dozi 10, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa siku nyingine. Akija kwa paka mmoja, dozi tisa zinamwagwa na mtu mmoja anabeba hasara. Tukajikusanya mtaani, paka 10, siku moja baada ya alasiri, kwenye daka la nyumba yetu, kile kibaraza cha mlangoni. Nauli yake tukagawana. Kila paka akatoka kwa 250, na kadi yenye tarehe.

Daktari wangu ana kasoro zake na nitazisema. Ijumaa hapatikani mpaka baada ya alasiri. Hana mashine ya kupima damu, akitaka kipimo sampuli inavuka maji na inaongeza gharama na siku. Hana pahali pa kumweka mnyama ukisafiri. Na mara moja nilirudi kwa kuangaliwa tu, akanitoza 300 ambayo hakuwa ameitaja. Nilimwambia. Akaniomba radhi, akaikata kwenye deni.

Kwa dharura nimeweka kopo jikoni. Kila siku shilingi 20 za mahamri zinaingia humo kabla sijahesabu faida. Kwa mwaka ni 7,300, yaani usiku ule wa Shombo na kitu juu. Siligusi kwa unga wala kwa gesi.

Chanjo ya mwaka huu tumepanga Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, daka lile lile. Mpaka jana usiku nimeandika paka tisa. Dozi ya kumi bado haina mwenyewe, na sitaki imwagwe. Ukiwa mitaa ya Langoni au Mkomani na una paka wa miezi mitatu kwenda juu, mlete ndani ya kikapu, kanga juu, na 250 mkononi.