Bima ya uzembe wa kitabibu: ipi ununue kwanza ukiwa na zahanati Arusha au Moshi

Mtoto aliyezaliwa alfajiri ya leo kwenye zahanati ya Sakina anaweza kulia vizuri, kunyonya na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mama huanza kuingiwa na wasiwasi miezi kadhaa baadaye, anapoona shingo haikazi na wenzake wameshaanza kukaa. Kwa sheria yetu ya ukomo wa mashauri, madai ya madhara yanayotokana na uzembe wakati wa kuzalisha, kama haya yanavyoweza kuwa, yana miaka 3, ila kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa mpaka afikie utu uzima. Zamu moja ya usiku inaweza kukudai hata miaka 20 baadaye.

Mimi ninazalisha, kwa hiyo nikizipanga bima hizi, zinazolipa mgonjwa akikudai kwa kosa la matibabu, siangalii bei kwanza. Nauliza: dai likija nimeshahama, nimestaafu au nimefunga zahanati, nani atalipa?

Nafasi ya kwanza naipa bima inayofuata siku ya tukio. Ikiwa ulikuwa na bima siku ulipomhudumia mgonjwa, unalindwa hata dai likiletwa miaka mingi baada ya mkataba kwisha. Ada yake huwa juu, na si kila kampuni inaiuza. Mkunga na daktari wa upasuaji, mkiipata, ichukueni.

Ya pili inafuata siku ya dai, na ndiyo mtakayoonyeshwa mara nyingi. Hapa ni lazima bima iwe hai siku dai linapopokelewa, na tukio liwe limetokea baada ya tarehe ya kurudi nyuma iliyoandikwa kwenye mkataba, yaani siku ambayo matukio ya kabla yake bima haiyagusi. Tarehe hiyo itafute kabla ya kitu kingine chochote. Tuseme umekata bima tangu 2016, mwaka huu umehamia kampuni yenye bei nafuu, nayo ikaandika tarehe ya leo. Miaka yako yote ya nyuma imebaki wazi, na hakuna aliyekwambia. Idai tarehe ya 2016 ihamishwe kama ilivyo. Ukiacha kazi, nunua muda wa nyongeza wa kupokea madai, ili dai la kazi yako ya zamani lipokelewe hata baada ya bima kwisha. Hulipwa mara moja, na ni ghali, kwa hiyo ulizia bei yake siku ya kusaini, si siku ya kuondoka.

Ya tatu ni kujificha chini ya bima ya mwajiri. Inasaidia, maana mgonjwa mara nyingi huishtaki hospitali. Lakini ukiitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika unaitwa wewe, na ni leseni yako iliyo mezani. Watanzania tunakumbuka Novemba 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja walipobadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Madaktari walisimamishwa kazi kwa majina yao. Kama unafanya zamu KCMC na jioni unaona wagonjwa mahali pengine Moshi mjini, bima ya mwajiri haikufuati huko jioni.

Ya mwisho ni kiambatisho cha bima ya jengo. Hiyo inamlipa mgonjwa aliyeteleza kwenye sakafu yenye maji, si aliyepewa dozi isiyo yake. Wenye zahanati wengi wanaamini wamekingwa kwa karatasi hii, na inaniuma.

Aina yoyote utakayochagua, angalia kiwango cha juu kwa dai moja na kwa mwaka mzima, na kama gharama za wakili zimo ndani yake. Kwa mfano, kwenye kiwango cha shilingi milioni 50, wakili akila milioni 15, ya fidia inabaki milioni 35 na kinachozidi ni chako. Uliza pia kama kampuni inaweza kumaliza dai bila ridhaa yako, maana kulipa husomeka kama kukiri. Malalamiko ya zamani yataje yote kwenye fomu, na leseni isipitwe na muda hata wiki moja. Hivyo viwili ndivyo kampuni itakavyovitafuta kwanza ikitaka kukataa kulipa.

Dalali au wakala akikuletea mkataba, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha. Majibu ya dalali au wakala huyo kuhusu tarehe ya kurudi nyuma yachukue kwa maandishi, yenye mhuri wa kampuni yenyewe.