Kwa mwenye kisukari, kutoboa kidole au kipimo cha damu cha HbA1c, kipi kinalinda macho zaidi?

Kile kimashine cha kutoboa kidole usikiache, hasa kama unachoma insulini, maana kinakuambia sukari ya saa hiyo hiyo. Ila kwa macho mi naipa uzito HbA1c, inaonyesha wastani wa sukari wa kama miezi 2 hadi 3, na mishipa midogo ya nyuma ya jicho inaharibiwa na sukari iliyokaa juu muda mrefu, unaweza kupima kidole asubuhi ukakuta 6 (mmol/L) ukafurahi kumbe ukishakula inaruka mpaka 13 na hujui. Wengi wanaambiwa HbA1c yao ikae chini ya asilimia 7. Mwenye selimundu HbA1c inaweza kumdanganya, huyo kidole ndo kimsaidie zaidi. Na jamani vyote viwili havioni ndani ya jicho, retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho, ipimwe yenyewe, hata kama unaona vizuri kabisa.