Seti ya mafuta "ya sukari" (mdalasini, karafuu, lavenda): nyota tatu, zote za harufu

Ni chupa tatu za mililita 10 kila moja, zinazouzwa kama mafuta ya kusaidia wenye kisukari. Huko Malindi seti inauzwa kwenye maduka ya dawa za asili. Lamu nimeikuta imepangwa rafu moja na habasoda na uwatu, na hapo ndipo mkanganyo unapoanzia. Habasoda ni mafuta mazito yaliyokamuliwa kwenye mbegu, na watu huyanywa kwa kijiko. Haya ya seti ni mafuta tete: hutolewa kwa mvuke, huruka hewani chupa ikiachwa wazi, na ukali wa mti mzima umebanwa ndani ya tone. Atakayeyanywa kwa kijiko kama habasoda atalala hospitali.

Kuhusu sukari yenyewe nitasema wazi. Natumia metformin (vidonge vya kisukari), napima asubuhi kabla ya kula, na seti hii haikubadilisha namba zangu. Utafiti wa mdalasini uliofanyiwa watu ni wa unga na vidonge, si wa mafuta ya kunusa, tena majibu yake yanagongana. American Diabetes Association, chama cha kisukari cha Marekani, haipendekezi mdalasini kama njia ya kudhibiti sukari. Faida iliyopo inapitia mlango wa nyuma. Fadhaa na usingizi mbovu hupandisha homoni ya kortisoli, nayo hulifanya ini limwage sukari kwenye damu. Lavenda ikikusaidia kulala, umepata kitu. Lakini kupunguza hamri moja na kipande cha halua kutaonekana zaidi kwenye mashine ya kupimia sukari kuliko chupa zote tatu.

Kosa kubwa la seti ni karatasi ya maelekezo: "matone matatu kwenye chai ya rangi." Usifanye. Mafuta na maji hayachanganyiki. Lavenda huelea juu, mdalasini na karafuu huzama chini ya kikombe, kwa hiyo tone hufika mdomoni na kooni likiwa zima na kuunguza. Karafuu ina kemikali ya yujenoli kwa wingi, nayo huzuia damu kuganda. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini asiinywe kabisa. Mtoto akinywa mafuta ya karafuu, hata kidogo, ini linaweza kuharibika: usimtapishe, mpeleke hospitali pamoja na chupa.

Kwenye ngozi, kipimo ndicho kila kitu. Mililita moja ni kama matone 20. Kwa mafuta ya nazi au ya ufuta mililita 30 (vijiko sita vya chai), lavenda matone 6 yanatosha, na ukitaka kali zaidi usipite 12. Karafuu mwisho matone 3. Mdalasini wa gome ni hadithi nyingine: kiwango salama hakifiki hata nusu tone kwa mililita hizo 30, kwa hiyo mimi siupaki kabisa. Shida ya ziada ni kwamba chupa imeandikwa "mdalasini" tu, bila kusema ni gome au jani. Ukinusa na kusikia karafuu ndani yake, huenda ni jani. Ukisikia utamu wa mdalasini wa pilau, ni gome. Ukiwa na shaka, uhesabu kuwa gome.

Jaribu kwanza mchanganyiko kwenye kiwiko kwa ndani, funika, ngoja saa 24. Ukiwashwa, futa kwa mafuta ya nazi matupu, kisha sabuni na maji. Maji peke yake hayaondoi kitu.

Miguu iache. Watu wanapenda kusinga nyayo usiku, ila mwenye kisukari aliyeanza kufa ganzi hatasikia ngozi ikiungua, na kidonda cha unyayo ndicho kinachopeleka watu kukatwa mguu. Usipake wala kusugua pale unapochoma insulini. Kusugua na joto huharakisha insulini kuingia kwenye damu, na sukari inaweza kushuka ghafla. Ikienda chini ya 3.9 mmol/L, tiba ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Harufu haitasaidia. Wanaotumia insulini au glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari) wawe macho zaidi na hili, na wasipunguze dozi kwa sababu ya chupa.

Kabla ya kupima, nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Kidole chenye mafuta hutawanya tone la damu na kuharibu kipimo. Na stripu (vijiti vya kupimia sukari vinavyoingizwa kwenye mashine) zikae kwenye kopo lake lililofungwa, maana unyevu wa pwani huziharibu.

Kwa kufukiza, matone 3 mpaka 5 kwenye mashine ya mvuke yenye mililita 100 za maji, nusu saa, dirisha wazi. Chetezo hakifai: mafuta yakigusa makaa huwaka na kutoa moshi mkali, na mwenye pumu atakuona adui. Lamu kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni paka. Ini la paka haliwezi kuchakata yujenoli vizuri, na mafuta yanayotua kwenye manyoya huingia tumboni anapojilamba. Mwachie njia ya kutoka, na usifukize karafuu wala mdalasini chumba alimo.

Ubora? Nilidondosha kila moja kwenye karatasi nyeupe. Lavenda ilikauka bila kuacha duara la mafuta, ishara kwamba haikuongezwa mafuta mazito. Mdalasini uliacha duara. Chupa ni za kioo cheusi, vizuri, ila kifuniko cha karafuu hakina kidondoshi, na usiyapimie kwenye kikombe cha plastiki maana huilainisha. Weka kabatini mbali na dirisha. Joto la Malindi huichachua lavenda, na iliyochacha ndiyo inayowasha ngozi.

Bei inakaribia pakiti ya stripu 50. Stripu zikikaribia kwisha, nunua stripu. Zikiwepo, nunua lavenda peke yake kama muuzaji atakubali kuvunja seti.