SRD 5.2 iko na viumbe tisa, sisi Goma tumebakisha vinne

Tuko kikundi cha michezo ya kuigiza, ile ya kukaa ku meza na karatasi na dadu, hapa Goma kartiye Himbi, na mimi ndiye ninaongozaka. Juu vitabu vya kununua ni bei na kuvifikisha huku ni shida, tunatumia SRD 5.2, zile sheria za Dungeons & Dragons zenye Wizards of the Coast waliachia bure mu mwezi wa nne 2025. Yenye tulitumia ni PDF ya Kiingereza, kurasa zaidi ya 350, na laisensi ni Creative Commons CC-BY 4.0, yaani unaweza kuchapa, kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza kazi yako, bora tu uandike ulitoa wapi. Sisi tulitoa fotokopi ya sehemu zenye tulihitaji, basi.

Nataka niongee juu ya viumbe, ile sehemu ya kuchagua mhusika wako atakuwa nani. Mule kuko tisa: mutu, elfi (wa masikio yenye ncha), dwafu (mufupi wa kifua kipana), haflingi (mutu mudogo sana), nomu (naye mudogo), orki (mukubwa mwenye nguvu), goliati (wa damu ya majitu), tiflingi (wa damu ya mashetani) na dragonboni (wa sura ya dragoni). (Kitabu cha kulipia kiko na kumi, aasimari ndiye hawakumuweka mu ile ya bure.) Wengi wakianza wanafungulia wachezaji vyote, kila mutu anachukua chenye sura inamupendeza, na unajikuta na dunia yenye haina wenyeji, wote ni wapita njia. Mimi naona inchi ndiyo inachagua viumbe. Chora inchi kwanza, kisha uliza nani anaweza kuishi mule.

Inchi yetu ni ya volkeno, tuliichora tukiangalia Nyiragongo. Mutu wa Goma haumufundishi lava ni nini, 2002 ilipita katikati ya mji, 2021 ikashuka tena. Kuko mawe nyeusi, mapango chini ya mawe, na kuko mazuku, ile gesi ya kaboni yenye ni nzito kuliko hewa, inatulia mu mashimo na mabondeni, haina rangi, mbuzi inaingia asubuhi na haitoki. Niliiweka mu mchezo na hapo viumbe vikaanza kujichagua vyenyewe. Haflingi hafiki mita moja, kichwa chake kiko ndani ya gesi wakati goliati mwenye kupita mita mbili anapumua hewa safi palepale pembeni yake. Na ni vile inapitaka huku kwetu, watoto na wanyama ndio wa kwanza. Basi goliati anamubeba haflingi ku mabega, na hapo tayari muko na urafiki, muko na deni, muko na mabishano ya nani aliokoa nani, na mimi sikuandika hata mustari moja.

Dwafu naye, sheria zinamupa kukinzana na sumu. Kisheria mazuku si sumu sawasawa, lakini niliamua imusaidie, na wachezaji walikubali. Tena akiwa juu ya mawe anaweza kusikia mitetemo mpaka futi 60, karibu mita 18, kwa dakika 10. Mu inchi yenye ardhi inatikisika usiku, huyo ndiye wote watamuangalia usoni kujua kama ni ya kukimbia ao ni ya kurudi kulala. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kiumbe kuwa na nafasi yake.

Tulibakisha mutu, haflingi, goliati na dwafu. Sasa vyenye tulitoa. Hesabu mwenyewe: kati ya tisa, sita vinaona gizani, ni mutu, haflingi na goliati peke yao hawaoni. Ukiingiza mu pango kundi la elfi, nomu na orki, hakuna mwenye anatafuta mwanga, giza imekufa, na sisi wenye kuranti inatukatikiaka tunajua vizuri giza inafanya nini mu kichwa cha mutu. Kati ya vile vinne vyetu dwafu peke yake ndiye anaona, wengine wanalazimika kumuamini. Elfi tena halali, anatulia saa nne tu, zamu ya usiku inakosa uzito. Dragonboni akifika ngazi ya 5 (mhusika anapandaka ngazi vile mchezo unaendelea) anatoa mabawa kwa dakika 10 na muto wa lava anauruka tu. Mu inchi ingine ni viumbe wazuri sana, lakini hapa wanabomoa kila kitu chenye kinatisha.

Kitu kimoja kinanigusa kweli. Mu sheria za 2014 nyongeza za nguvu na akili zilikuwa zinatoka ku kuzaliwa, orki-nusu alizaliwa na nguvu kuzidi wengine na ikaishia hapo. Mu hii mupya zinatoka ku maisha ya mutu, kazi alifanya, kwenye alikomalia. Hapa Kivu tumezika watu juu kuna wenye waliamini kabila fulani inazaliwa na roho fulani. Sitaki hiyo hesabu ku meza yangu, na nafurahi kuona imeondoka.

Lakini dada mumoja wa kikundi alitaka tiflingi mwenye pembe na hakutaka kusikia kingine. Tulikubaliana atoke mbali, awe peke yake wa aina ile mu inchi nzima, watoto wa kijiji wamufuate nyuma. Sasa ndiye mhusika mwenye watu wanamukumbuka kuliko wote, juu ni mumoja.

Ubaya wa SRD: maelezo ya viumbe ni mafupi mno, ni sheria tupu, mila na makao utaandika mwenyewe, vipimo vya urefu ni futi, na kwetu mwenye hasomi Kiingereza anategemea rafiki. Nawapa nyota 4 juu ya 5.

Na ninyi wa Bukavu, kama munachora inchi ya ziwa, muniambie mumeweka nani ku maji, juu kati ya vyote tisa hakuna hata kimoja chenye kinapumua chini ya maji, na mimi kampeni (ile hadithi ndefu ya mchezo) yenye inakuja nataka kuipeleka upande wa visiwa.